SSD Iliyopunguza Kasi: Kutafuta Chanzo na Kusasisha Programu Dhibiti

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu za flashi, ikianza kujikokota, wengi hukimbilia mojawapo ya mambo mawili: kuweka mfumo endeshi upya, au kupakua programu dhibiti mpya (firmware, yaani programu inayoiendesha SSD yenyewe) na kuipakia bila kujua inatibu nini. Kuweka mfumo upya huweza kusaidia, maana data huandikwa upya na nafasi kubwa huachwa wazi, lakini chanzo hakijulikani na baada ya muda tatizo hurudi. Programu dhibiti nayo hutibu kosa lililomo ndani ya programu dhibiti, basi. SSD iliyojaa pomoni, inayochemka, au iliyochomekwa kwenye mlango wa zamani haitaongeza hata megabaiti moja kwa kusasishwa. Kazi inaanza kwa kupima.

Polepole ya aina gani?

Kama kunakili faili kubwa kunaanza vizuri kisha kasi inaporomoka ghafla baada ya gigabaiti kadhaa, wa kwanza kushukiwa ni kache ya SLC (eneo la haraka linalopokea data kwanza), wa pili joto. Kama kila kitu ni kizito tangu mwanzo na kasi haivuki kiwango kilekile, tuseme MB 270 au MB 40 kwa sekunde, tazama muunganisho. Uandishi wa faili ndogondogo uliozorota kidogokidogo kwa miezi huashiria TRIM (amri inayoiambia SSD data ipi imefutwa) isiyofanya kazi au diski iliyojaa. Kompyuta inayoganda sekunde kadhaa kisha kuendelea kama hakuna lililotokea ina kebo mbovu, mipangilio ya kuokoa umeme isiyoelewana na SSD, seli zilizochoka, au kweli kosa la programu dhibiti. Na kuna aina inayowapotosha hata mafundi: vipimo vyote vinatoka vizuri, ila faili za mwaka jana zinafunguka kwa taabu. Hiyo tutaichambua peke yake.

Kabla ya lolote, andika mahali jina kamili la modeli, toleo la programu dhibiti lililopo sasa, na hali ya afya. Kwenye Windows fungua PowerShell kama msimamizi:

`Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, FirmwareVersion, BusType, HealthStatus`

CrystalDiskInfo hukupa hayo hayo pamoja na takwimu za SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea) na aina ya muunganisho. Kwenye Linux:

`sudo smartctl -a /dev/sda` kwa SSD ya SATA (muunganisho wa zamani), au `sudo smartctl -a /dev/nvme0` kwa NVMe (SSD za kasi zinazopitia njia za PCIe).

Katika matokeo ya NVMe, mistari ya kuangalia ni michache. `Percentage Used` ni makadirio ya uchakavu. Inaweza kupita 100 na SSD ikaendelea kufanya kazi, kwa hiyo usiichukulie kama saa ya kifo. `Available Spare` ikikaribia `Available Spare Threshold`, akiba ya seli mbadala inaisha, na hilo ni zito zaidi. `Media and Data Integrity Errors` ikiwa si sifuri, acha kila kitu, nakili data kwanza. `Data Units Written` huhesabiwa kwa vipande vya baiti 512,000, hivyo 20,000,000 ni kama TB 10.2 zilizoandikwa. Kwenye SATA angalia namba 5 (sekta zilizohamishwa), 187 (makosa yasiyorekebishika) na 199 (makosa ya CRC). Hiyo 199 ikiwa inapanda kila siku, usiilaumu SSD: badilisha kebo. Makosa hayo hutokea data ikiwa njiani kati ya SSD na ubao mama, na kila kosa hulazimisha kurudia usafirishaji.

SSD yenye makosa ya data haisasishwi. Kusasisha diski inayokufa ni njia ya haraka ya kupoteza kile ambacho bado kingesomeka.

Muunganisho, nafasi, joto

Sehemu hii inamaliza kesi nyingi, ingawa haina mvuto wowote.

SATA ya gigabiti 6 hutoa takribani MB 550 kwa sekunde, ya gigabiti 3 hutoa karibu 270, ya 1.5 haifiki 150. Ukiona namba zinazosimama kwenye ngazi hizo, jibu umelipata. CrystalDiskInfo huonyesha kasi inayotumika sasa upande wa kushoto na kasi ya juu kabisa upande wa kulia: `SATA/300 | SATA/600` maana yake SSD inaweza zaidi ya kile inachopewa. Kwenye Linux, `sudo dmesg | grep -i "sata link up"` inatosha. Kwa NVMe:

`sudo lspci -vv | grep -E "Non-Volatile|LnkCap:|LnkSta:"`

`LnkCap` ni uwezo, `LnkSta` ni hali ya sasa. GT/s 8 ni PCIe 3.0, 16 ni PCIe 4.0. Ikisema `Width x2` wakati uwezo ni x4, kasi ya juu imekatwa nusu. Huenda soketi hiyo ya M.2 imejengwa na njia mbili tu, inagawana njia na kifaa kingine, au SSD haijakaa sawa. Ichomoe, ichomeke tena, kaza skrubu, kisha soma mwongozo wa ubao mama kabla ya kuilaumu SSD. Kwa SSD ya nje, MB 40 kwa sekunde ni dalili ya USB 2.0, na mara nyingi mkosaji ni kebo iliyoletwa kwa ajili ya kuchaji simu tu.

Nafasi sasa. Seli za flashi haziandikwi juu ya data iliyopo. Data huandikwa kwa kurasa za kilobaiti chache, lakini hufutwa kwa bloku nzima yenye kurasa mamia au hata maelfu. Ili kupata bloku tupu, kidhibiti, yaani chipu inayoiongoza SSD, hukusanya kurasa zilizo hai kutoka bloku kadhaa, huzihamishia kwingine, kisha hufuta. Diski ikiwa na nafasi, kazi hiyo hufanyika kimyakimya wakati kompyuta imetulia. Ikiwa imejaa asilimia 95, hufanyika papo hapo unapoandika, na gigabaiti moja yako hugeuka kuwa tatu au nne kwa seli. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi. Kwa SSD za bei ya chini zisizo na kumbukumbu ya DRAM, elekea 20.

Kujaa huathiri pia kache. SSD za TLC (biti tatu kwa seli) na QLC (biti nne) hupokea data kwanza kwenye seli zinazoandikwa biti moja tu, yaani kwa mtindo wa SLC, kisha huzipanga upya baadaye. Kwenye QLC, nafasi ya gigabaiti 400 zilizo wazi haiwezi kutoa kache inayozidi 100, kwa sababu kila seli iliyopaswa kubeba biti nne inabeba moja. Intel 660p ya TB 1 ni mfano mzuri: ikiwa tupu ina kache ya hadi GB 140, na ikijaa inabaki na 12. Baada ya hapo uandishi hushuka hadi karibu MB 100 kwa sekunde, chini kuliko diski nyingi za sumaku. Huo si ugonjwa. Ndivyo ilivyoundwa, na hakuna programu dhibiti itakayoondoa hali hiyo. Kuhakikisha, andika mfululizo na utazame kasi inavunjika wapi:

`fio --name=kujaza --filename=/mnt/jaribio/faili.bin --rw=write --bs=1M --size=60G --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=8`

Ongeza ukubwa kama kache ni kubwa kuliko GB 60, kisha futa faili hiyo. Usitumie sifuri tupu kutoka `/dev/zero` kwa kipimo hiki: vidhibiti vya SandForce, kwa mfano, hubana data, na sifuri zikibanwa hakuna kinachoandikwa cha maana.

Joto hutofautishwa na kache kwa jambo moja. Iache SSD ipoe dakika kumi bila kufuta chochote, kisha rudia kipimo huku feni ikipuliza juu yake. Kasi ikidumu kwa muda mrefu zaidi, ni joto. NVMe nyingi hujipunguzia kasi mahali fulani kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi. Kiwango cha onyo cha SSD yako kipo kwenye `sudo nvme id-ctrl /dev/nvme0 | grep wctemp`, kwa Kelvini. 358 ni nyuzi 85. Katika matokeo ya `smartctl`, `Warning Comp. Temperature Time` huhesabu dakika ambazo kiwango hicho kimepitwa, kwa hiyo ni ushahidi hata kama sasa hivi diski ni baridi. Kipande cha alumini chenye pedi ya joto hutosha mara nyingi. Hakikisha tu umebandua plastiki ya pedi, kosa ambalo mafundi hulikuta mara kwa mara.

TRIM

Unapofuta faili, mfumo endeshi hufuta jina lake kwenye orodha, lakini SSD haijui. Inaendelea kuzihamisha kurasa zile za data iliyokufa kana kwamba ni za thamani. TRIM ndiyo inayoiambia: kurasa hizi sihitaji tena.

Windows:

`fsutil behavior query DisableDeleteNotify`

Jibu `0` ni TRIM imewashwa. `1` ni imezimwa, na huwashwa kwa `fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0`. Kisha lazimisha TRIM kwa nafasi yote iliyo wazi:

`Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose`

Linux:

`lsblk --discard`
`sudo fstrim -av`
`sudo systemctl enable --now fstrim.timer`

Safu za `DISC-GRAN` na `DISC-MAX` zikionyesha `0B`, amri ya TRIM haifiki kwenye SSD. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kasha la USB ambalo chipu yake ya daraja haipitishi TRIM. Ya pili ni usimbaji fiche wa LUKS, ambao kwa chaguo-msingi huizuia. Kwa LUKS2 unairuhusu kwa `cryptsetup refresh --allow-discards --persistent` ukifuatisha jina la sehemu iliyofunguliwa. Kufanya hivyo kunamwonyesha mwenye kuiba diski ni sehemu zipi ziko tupu. Kwa watu wengi hilo si tatizo, ila ujue unachokubali. Kwenye macOS, SSD isiyo ya Apple huhitaji `sudo trimforce enable`.

Baada ya TRIM ya kwanza kwa miezi mingi, usitarajie kasi kurudi dakika hiyo hiyo. Kidhibiti kinahitaji muda wa kufuta bloku. Zima hali ya kulala, acha kompyuta ikiwa imewaka bila kazi kwa saa kadhaa, au iache kwenye skrini ya BIOS usiku kucha, kisha pima tena. Laptopu inayolala kila baada ya dakika tano huinyima SSD nafasi hii.

Faili za zamani zinasomwa polepole

Hapa ndipo programu dhibiti huwa na kesi ya kujibu, na ndipo vipimo vya kawaida hushindwa. CrystalDiskMark na wenzake huandika faili jipya, kisha hulisoma hilohilo sekunde chache baadaye. Hawaigusi kabisa data iliyokaa miezi minane. Mtu anapima, anaona MB 540, anaambiwa SSD ni nzima, huku folda yake ya picha ikisomwa kwa MB 30.

Chanzo ni chaji. Seli ya TLC hutofautisha viwango 8 vya volti, ya QLC 16. Kadiri muda unavyopita chaji huvuja kidogo na viwango husogea. Kidhibiti kikisoma kwa mipaka ileile ya siku ya kuandika, hupata makosa mengi kuliko msimbo wa kurekebisha unavyoweza kubeba, hivyo hujaribu tena kwa mipaka tofauti, na tena, na tena. Mwishowe data hutoka sahihi. Hakuna kosa linaloonekana kwenye SMART, ila muda umeliwa.

Kesi maarufu ni ya Samsung 840 EVO, SSD ya TLC iliyotoka 2013. Data iliyokaa wiki kadhaa bila kuandikwa upya ilisomwa kwa makumi ya megabaiti badala ya 500. Mwezi Oktoba 2014 Samsung ilitoa programu dhibiti EXT0CB6Q pamoja na zana ya kuandika upya data yote. Kasi ilirudi, kisha kwa watumiaji wengi ikaanza kushuka tena. Aprili 2015 likatoka toleo EXT0DB6Q, ambalo huandika upya data ya zamani kwa zamu, kimyakimya. Nayo hufanya hivyo SSD ikiwa na umeme tu. Iliyowekwa kabatini haifanyi lolote.

Jinsi ya kulithibitisha: tafuta faili kubwa za zamani, uzisome moja kwa moja bila kache ya mfumo.

`find /home -type f -size +200M -mtime +180`
`dd if=/home/jina/video/harusi.mkv of=/dev/null bs=1M iflag=direct status=progress`

Fanya hivyo kwa faili tano za zamani na tano za wiki hii. Za wiki hii zikitoa MB 500 na za zamani 60, umekwisha kujua. Tofauti ya asilimia kumi hivi ipuuze. Kwenye Windows, tumia HD Tune isome diski nzima na utazame grafu: mabonde marefu katikati ya mstari ulionyooka ni sehemu zenye data ya zamani. Sehemu tupu zilizopitiwa na TRIM hutoka na kasi kubwa isiyo ya kawaida, kwa kuwa kidhibiti hujibu bila kugusa seli, usizihesabu.

Dawa ya papo hapo ni kuandika upya data, hata kabla programu dhibiti mpya haijapatikana. Njia safi kuliko zote: chukua nakala kamili ya diski kwenye diski nyingine, hakiki nakala, futa SSD kabisa, rudisha. Ukirudisha kwa `dd`, hata nafasi tupu huandikwa na SSD huiona imejaa asilimia 100, kwa hiyo maliza kwa `fstrim`. Njia ya pili, diski ikiwa haijapachikwa na umeanzisha kompyuta kwa flashi ya Linux:

`sudo badblocks -nsv -b 4096 /dev/sdX`

Hii husoma kila sehemu, huandika mchoro wa majaribio, kisha hurudisha data asilia. Inafanya kazi, ila huandika zaidi ya mara moja kwa kila sehemu na umeme ukikatika katikati kuna data itakayopotea. Usiifanye bila nakala. Njia ya tatu ni kunakili folda, kufuta ya awali na kubadilisha jina. Hapo kuna mtego: kwenye Btrfs na APFS, kunakili ndani ya diski hiyohiyo huweza kutengeneza kiungo cha data ileile bila kuandika chochote. Kwenye Btrfs tumia `cp -a --reflink=never`; kwenye APFS peleka kwenye diski nyingine na urudishe. Kudifragi kwa kawaida hakusaidii, maana huhamisha vipande vilivyotawanyika tu na kuacha faili nzima zilizotulia kama zilivyo.

Makosa ya programu dhibiti yanayofahamika

Thamani ya kusoma maelezo ya toleo kabla ya kusasisha inaonekana kwenye mifano. Crucial m4 ilikuwa na kosa lililojitokeza saa ya 5,184 ya kuwashwa: kompyuta iliganda, ikawashwa upya, ikafanya kazi kama saa moja, ikaganda tena. Programu dhibiti 0309 ya Januari 2012 ililimaliza. Aliyetazama namba 9 ya SMART angelijua kwa sekunde moja. Mwaka 2019 HPE ilitangaza SSD za SAS ambazo, zikiwa na toleo la chini ya HPD8, hufa kabisa zikifika saa 32,768, yaani hatua moja tu baada ya namba kubwa inayoingia kwenye biti 16 zenye alama ya chanya na hasi. Diski za seva moja huwashwa siku moja, hivyo zingekufa pamoja, na RAID, mpangilio wa diski kadhaa zinazolindana, isingeokoa kitu.

Samsung 990 Pro ilionyesha afya ikishuka kwa kasi isiyo ya kawaida hadi toleo 1B2QJXD7 la Februari 2023. Toleo hilo lilizuia mporomoko, lakini halikurudisha asilimia zilizokwisha kuandikwa. Na mwaka 2024, baadhi ya WD SN770 na SN580 za TB 2 zilileta skrini ya bluu kwenye Windows 11 24H2, kwa sababu SSD hizo hazina DRAM, huazima kumbukumbu ya kompyuta, na ziliomba MB 200, kiasi ambacho Windows ya awali haikuwa ikizipa. Programu dhibiti mpya ilirekebisha.

Kinachojirudia ni kwamba maelezo ya toleo hutaja dalili. Dalili yako isipokuwamo na SSD inafanya kazi, hakuna haraka ya kusasisha. Dalili ikiwamo, au likitajwa neno lolote kuhusu kupotea kwa data, sasisha wiki hiyo hiyo.

Kuganda kwa muda mfupi kwenye Linux hakutokani na programu dhibiti kila mara. NVMe nyingine hushindwa kuamka vizuri kutoka hali ya kuokoa umeme. Jaribu kuanzisha na `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0`; kuganda kukiisha, chanzo ni hicho, na programu dhibiti mpya, kama ipo, ndiyo suluhisho la kudumu.

Kusasisha

Maandalizi kwanza, bila njia ya mkato:

1. Nakala ya data kwenye diski nyingine, na ufungue faili kadhaa kutoka nakala hiyo uone kama zinafunguka.
2. Laptopu ichomekwe umeme na betri iwe zaidi ya nusu. Kompyuta ya mezani, tumia UPS kama umeme hukatikakatika.
3. Kama BitLocker (usimbaji fiche wa Windows) imewashwa, kuwa na ufunguo wa urejeshaji mkononi, kisha `Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 0`. Sifuri hiyo huiacha imesimama hadi utakapoiwasha mwenyewe kwa `Resume-BitLocker -MountPoint "C:"`.
4. SSD ichomekwe moja kwa moja kwenye ubao mama. Usisasishe kupitia kasha la USB, labda kama SSD yenyewe ni ya nje na zana ya mtengenezaji inaitambua.
5. Hakikisha modeli. SSD iliyokuja na laptopu huweza kuwa na chipu zilezile za SSD ya dukani lakini programu dhibiti tofauti. Yake hutolewa na mtengenezaji wa laptopu, na zana ya mtengenezaji wa SSD itaikataa. Usitafute njia ya kuilazimisha.

Zana ya mtengenezaji kwenye Windows, mfano Samsung Magician au Crucial Storage Executive, ndiyo njia ya kwanza. Isipoiona SSD, tazama kama BIOS imewekwa kwenye RAID au Intel VMD. Hali hizo huificha. Usiibadilishe kuwa AHCI ghafla, maana Windows inaweza kukataa kuwaka. Afadhali kutumia ISO ya mtengenezaji (faili la kuanzishia kompyuta): iandike kwenye flashi, zima Secure Boot kwa muda ikihitajika, anzisha kompyuta kwa flashi hiyo na ufuate maelekezo. Njia hii ina faida nyingine, kwamba mfumo endeshi hauitumii SSD wakati inasasishwa.

Kwenye Linux jaribu kwanza fwupd:

`fwupdmgr refresh`
`fwupdmgr get-updates`
`fwupdmgr update`

Si watengenezaji wote wanaoweka matoleo yao huko. Ukiwa na faili ya programu dhibiti iliyotolewa na mtengenezaji kwa modeli yako hasa, NVMe husasishwa kwa mkono. Soma kwanza nafasi (slot) za kuwekea programu dhibiti zilizopo ndani ya SSD:

`sudo nvme id-ctrl /dev/nvme0 | grep frmw`
`sudo nvme fw-log /dev/nvme0`

Tuseme `frmw` ni 0x16, kwa biti 10110. Biti ya kwanza kutoka kulia ni 0: nafasi ya 1 inaandikika. Tatu zinazofuata, 011, ni nafasi tatu. Ya tano ni 1: inaweza kuanza kutumika bila kuweka kidhibiti upya. Biti ya kwanza ikiwa 1, nafasi ya 1 ni ya kusomwa tu. Tumia ya 2. Palipo na nafasi zaidi ya moja, andika kwenye isiyotumika sasa, ili toleo la zamani libaki kama pa kukimbilia:

`sudo nvme fw-download /dev/nvme0 --fw=toleo.bin`
`sudo nvme fw-commit /dev/nvme0 --slot=2 --action=1`

Kitendo 1 huandika na kuamuru toleo lianze kutumika baada ya kuweka upya. Kosa likitoka kwenye hatua ya kwanza, hakuna kilichobadilika. Likitoka kwenye ya pili, usizime kompyuta kwa pupa. Soma ujumbe, na rudia `fw-log` uone nafasi ipi inatumika.

Baada ya kusasisha

Zima kabisa. Kuwasha upya tu hakutoshi kwa SSD nyingi, kwa sababu umeme haukatiki. Kwenye Windows, kitufe cha kuzima huweza kuwa kinalaza sehemu ya mfumo. Tumia `shutdown /s /t 0`, na kwa kompyuta ya mezani zima swichi ya nyuma kwa sekunde chache. Washa, soma toleo upya. Likiwa bado la zamani, rudia kuzima kabla ya kurudia kusasisha. Kisha kumbuka kuirudisha BitLocker.

Programu dhibiti mpya hubadilisha namna ya kuandika na kusoma. Data iliyoandikwa chini ya toleo la zamani inabaki kama ilivyo. Kwa tatizo la faili za zamani, iandike data upya kwa njia mojawapo ya zile tatu, au ipe SSD siku kadhaa ikiwa imewaka kama toleo jipya linajiandikia lenyewe. Rudia vipimo kwa faili zilezile ulizopima mwanzo, na urudie tena baada ya miezi mitatu. Kipimo cha pili ndicho kinachoonyesha kama kosa limetibiwa au limefunikwa tu.

Ukitaka kuanza ukurasa mpya, futa SSD yote. Kwa NVMe ni `sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`. Kwa SATA, hakiki kwanza kwamba `sudo hdparm -I /dev/sdX` inasema `not frozen`. Ikisema `frozen`, laza kompyuta kwa `systemctl suspend`, iamshe, na hali hiyo huondoka mara nyingi. Kisha:

`sudo hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX`
`sudo hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdX`

Usikatishe amri ya pili hata ikichukua muda. Ukiikatisha, SSD itabaki imefungwa kwa neno la siri `p`, na hapo italazimu kurudia amri hiyohiyo ya kufuta. Baada ya kufuta, unapogawa diski acha asilimia 10 bila kuigawa kabisa kama unajijua kuwa huijazi hadi ukingoni: kidhibiti kitaitumia kama nafasi ya kufanyia kazi.

Ikiwa toleo ni jipya, TRIM inafika, nafasi ipo, joto liko chini, data imeandikwa upya, na bado faili za miezi mitatu zinasomwa kwa theluthi ya kasi, tumia dhamana ukiambatanisha vipimo vya kabla na baada. Dhamana ikiwa imekwisha, diski hiyo ipewe kazi nyepesi, isibebe nakala pekee ya kitu chochote, na isitumike kama ghala la kuweka kabatini. Kiwango cha JEDEC kwa SSD za kawaida zilizofikia mwisho wa uandishi wake ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Ambayo tayari inasoma kwa kurudiarudia iwashwe mapema kuliko hapo.